Ngeli ya Muuaji

Kwenye lango la Nyumba ile hakuna anayekuuliza jina. Unaulizwa ngeli.

“A-WA,” nilimjibu bawabu.

“Una hakika?”

Nilimkazia macho. Mimi ni mwalimu wa sarufi. Nimefundisha ngeli za majina mpaka chaki ikanikausha vidole, na sijapata kuulizwa swali la kijinga kama lile. Mtu ni A-WA: mtu amekuja, watu wamekuja. Kunguni naye ni A-WA kwa kuwa ana roho, hata kama roho yenyewe ni ya kunyonya. Kiti ni KI-VI, meza ni I-ZI, na jambo hilo halina mjadala hata kwa watoto wadogo. Lakini bawabu hakuwa akinitania. Alinizunguka, akanigusa bega kuona kama nina nyama, kisha akanipisha shingo upande.

Nyuma yangu likaja gari refu jeusi. Bawabu akapiga saluti kabla ya kuuliza, kwa Kiswahili kilekile alichoniuliza mimi.

“Leo ngeli gani, mheshimiwa?”

Kioo cha nyuma kikashuka. Ndani hapakuwa na mtu. Hata dereva hakuwapo. Kulikuwa na kiti cha ngozi kilichobonyea kidogo pale ambapo mtu angekaa. Sauti ikatoka: “Leo I-ZI.”

“Juzi ulikuwa A-WA.”

“Juzi nilikuwa nanunua ardhi.”

Wakacheka wote wawili, mwenye meno na asiye na meno, na lango likafunguliwa pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimepita upenyoni. Hapo ndipo nilipoanza kushtuka, na mshtuko huo haujanitoka hadi leo hii ninaposimulia, ikiwa kweli hii ni leo.

Niseme kilichonipeleka. Jina langu Semeni. Majirani walikuwa wakimteta mama yangu kwamba ni tasa, akanizaa, akanipakata barazani mbele yao, akasema: haya, semeni sasa. Kwetu jina la mtoto ni jibu la maneno ya watu. Nami binti yangu nilimwita Havijawa, kwa sababu alizaliwa wakati vyote vyangu bado: vyumba havijaezekwa, vyombo havijanunuliwa, baba yake kaondoka na hajarudi. Kila aliyepita na kuuliza, vipi, mambo yamekuwa? nilimwonesha mtoto. Havijawa.

Akakua, akaolewa, akapata mimba. Siku ya kujifungua ikabidi apasuliwe. Ilikuwa adhuhuri, jua limekaa utosini mwa mji, na taa za chumba cha upasuaji zikazima. Chumba kile hakina dirisha. Mitambo ya umeme ya mji wetu ilikuwa mipya. Tuliinunua kwa Kampuni, kutoka ng’ambo, ikazinduliwa kwa ngoma na utepe. Baadaye tukaambiwa kwamba ndani ya ganda jipya mlikuwa na chuma kikuukuu kilichopakwa rangi. Wakubwa waliotakiwa kuikagua walikuwa wamefumbwa macho kwa hongo, na hongo yenyewe ilivalishwa kanzu na koti ikaitwa ada ya ushauri. Daktari alisimama katika giza la mchana, kisu mkononi, akiogopa hata kupumua. Alipopata tochi ya simu, mama na mwana walikuwa wameshatangulia. Nilimwosha Havijawa kwa mikono yangu hii, nikamzika, nikarudi darasani kufundisha vitenzi.

Kisha zikaja habari kwamba Kampuni imeshtakiwa kwao, kwa kosa la kuhonga wakubwa wa nchi ya watu. Nikafunga safari. Sijui kama nilivuka bahari au bahari ndiyo iliyonivuka. Sikwenda kudai chochote. Nilikwenda kusikia sentensi moja tu iliyokamilika, mtenda ametajwa, tendo limetajwa, na mtendwa ametajwa kwa jina lake. Maana mtu wangu alikufa katikati ya sentensi, na mimi sijui kulia katikati ya sentensi.

Ndani ya Nyumba nilipokewa na mkalimani, mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi.

“Shikamoo, mwalimu,” akasema.

Nikasita. Mzee yule alikuwa na umri wa kunizaa. “Marahaba,” nikaitikia, kwa kuwa shikamoo haiachwi hewani. “Tunajuana?”

“Mimi Msellem. Umenisahau? Ulinichapa kwa kusema ‘kampuni amejenga barabara’. Ukaniandikisha ubaoni mpaka kengele ikalia: kampuni imejenga, kampuni imejenga.”

Nikamtazama vizuri, na kadiri alivyosema Kiswahili ndivyo mvi zilivyomtoka, mashavu yakamjaa, mpaka nikamwona kijana wa dawati la nyuma aliyekuwa akificha maembe mabichi mfukoni. Halafu mtu akamwita kwa lugha ya kule, akajibu, na papo hapo akazeeka tena. Ndivyo alivyokuwa siku nzima. Kila neno alilolivusha kwenda kwao lilimwachia kunyanzi.

“Nimekuja kusikia hukumu,” nikamwambia.

“Hukumu?” Akashusha sauti. “Mwalimu wangu, hapa hawahukumu. Hapa wanayamaliza.”

“Wanamaliza yapi?”

“Hayo.”

“Hayo yapi, Msellem? Ya- hiyo inasimama badala ya nini?”

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akanishika mkono kama anayemwongoza kipofu, akanipitisha katika ukumbi mrefu uliojaa mabenchi.

Na hapa nawaombeni mnivumilie, kwa maana hata mimi sikuamini macho yangu. Kwenye mabenchi walikaa watu kwa mamia, wa rangi zote na mavazi yote, wote wakitazama mlango mmoja. Walikuwapo wanaume waliolowa maji ya mto wenye sumu na maji hayajawakauka. Alikuwapo mwanafunzi mwenye vumbi la ukuta kichwani, ukuta wenyewe umesimama hewani juu yake, haujamwangukia wala haujarudi mahali pake. Hakuna aliyelia. Na kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, alikaa mwanamke mwenye mimba pevu, kajitanda kanga ambayo niliijua, kwa sababu niliinunua mimi.

“Shikamoo, mama,” akasema Havijawa.

Nilishika ukuta. Nilitaka kupiga kelele, nikacheka. Nilitaka kucheka, nikapiga kelele. Nikasema maneno ya kipumbavu kabisa: “Wewe nilikuzika.”

“Walinitoa, mama. Kaburi limeahirishwa.”

Nikamgeukia Msellem. Akanieleza huku akitazama sakafu. Hakimu ndivyo alivyoamua. Shauri la Kampuni liliahirishwa hadi jana, yaani hadi siku moja kabla ya taa kuzima, ili Kampuni ipewe nafasi ya kujirekebisha. Na kwa kuwa shauri halijafika, yaliyomo ndani yake nayo hayajafika. “Kwa sheria ya hapa,” akasema, “Havijawa hajafa. Wala hajapona. Kampuni haikiri wala haikani, na yeye yuko hapo, baina ya kukiri na kukana.”

“Na mtoto?”

Havijawa akajishika tumbo. “Hajacheza, mama. Wala hajaacha kucheza.”

Nilikaa kando yake, nikamshika mkono. Ulikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani. Lakini ulikuwa mkono wake, na alama ya kuungua mafuta ya maandazi ilikuwa palepale. Niseme kweli: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Mtu aliyefiwa na mwana hachagui. Hata wakimletea kivuli atakitandikia mkeka. Nikaanza kumpangilia kanga, nikamuuliza kama amekula, akasema hajala wala hana njaa, nikasema nitamletea uji wa pilipili manga, kana kwamba tuko kwetu na uani kuna jiko.

Ndipo Wakili wa Kampuni alipotujia. Alikuwa mtu mwembamba mwenye manukato mazuri, na aliposema, Msellem alimfuata nyuma kwa Kiswahili huku akizeeka na kupungua umri.

“Mama, tumesikia umekuja na sentensi. Tunakuheshimu. Lakini tunakutahadharisha kwa wema: sentensi hiyo ikitamkwa mle ndani na ikasikika, tendo litakuwa limetendeka, na aliyetendwa atakuwa ametendwa. Unaelewa maana yake? Benchi hili litakuwa tupu. Ukinyamaza, Kampuni inalipa leo, shauri linabaki lilivyo, na binti yako anabaki alivyo. Utapewa ruhusa ya kumtembelea. Ijumaa hata Ijumaa, ukitaka.”

“Na maandazi nimletee?”

Msellem akavusha swali, akarudi nalo. “Anasema hakuna kizuizi.”

Wakili akatabasamu, na lililonishtua zaidi ni kwamba tabasamu lile lilikuwa la kweli. Aliamini ananifanyia hisani. Mwizi akikuibia usiku unajua ni mwizi. Huyu alikuja na mwanangu mkononi, akaniambia, chukua, ila usiseme umeibiwa. Nami, Semeni binti wa mama yule wa barazani, nilitikisa kichwa kukubali. Nilikubali kunyamaza.

Kengele ikalia. Mlango mkubwa ukafunguliwa, na hawakuufunga tena, kwa hiyo kutoka kwenye kiti changu cha nyuma ndani ya baraza la Hakimu niliweza kumwona Havijawa kwenye benchi lake.

Mshtakiwa alikuwa na kiti cha mbele, chenye mto wa hariri. Kiti kilikuwa kitupu. Hata hivyo watu wote walisimama kilipoingizwa, na mhudumu akaweka glasi ya maji mbele yake. Nilikodoa macho. Kila Wakili alipomaliza hoja, maji kwenye glasi yalipungua kidogo.

Wakili akasimama, na Msellem akanong’ona sikioni mwangu kila neno.

“Mheshimiwa Hakimu, katika nchi fulani, wakati fulani, malipo fulani yalifanyika. Yakawafikia Fulani wa Kwanza na Fulani wa Pili. Mitambo ikapatikana. Taa zikazimika.”

Nikajiinamia. Fulani wa Kwanza! Mji mzima unamjua kwa jina, kwa ukoo, na kwa nyumba yake, maana ndiyo nyumba pekee ambayo taa zake hazijawahi kukatika. Lakini lililonichoma zaidi lilikuwa ile -ika. Ninyi mliopita mikononi mwangu mnaijua kauli ya kutendeka. Mtoto akivunja kikombe cha mama hasemi nimekivunja. Husimama mlangoni, kidole mdomoni, akasema: mama, kikombe kimevunjika. Kimejivunjikia chenyewe. Kilikuwa kimekaa kabatini kikachoka kuwa kikombe. Na mama humuuliza, kimevunjika au umekivunja? na katika swali lile dogo la jikoni ndimo ulimwengu wote wa haki ulimo. Nilishangaa kwamba watu wazima, wenye majoho na vitabu vinene, hawakuwa na mama wa kuwauliza.

Hakimu, mzee mwenye sauti laini, akauliza kama pande zote zimefikia maridhiano.

“Kasema nini?” nikamuuliza Msellem. “Umetumia neno gani?”

“Maridhiano.”

“Maridhiano yana radhi ndani yake. Nani ameombwa radhi? Nani ametoa?”

“Mwalimu, nilitafuta neno sikupata. Kwao wana neno ambalo si suluhu wala si faini wala si toba. Ni kama... ni kama mtu akukanyage, halafu amlipe mwenye kiwanja.”

“Mwenye kiwanja ni nani?”

“Wao. Malipo yanakwenda hazina ya hapa. Sheria iliyovunjwa ni ya kwao.”

“Na sisi tuliouziwa giza?”

Akazeeka kabla ya kujibu. “Kwako kilichovunjika ni mtoto, mwalimu. Mtoto hayumo katika mashtaka.”

Nilitazama huku na huku nione nani mwingine ameshtuka. Hakuna. Walikuwa wakipitishiana kalamu kwa adabu, ukumbi mzima unanukia manukato, na mtu mmoja wa hazina alikuwa akisinzia kwa raha ya aliyeshiba. Wezi na walinzi wanagawana, na mwenye nyumba amewekwa kwenye benchi la nje na tumbo lake. Kesi ya nyani kapelekewa ngedere, hilo tumezoea. Nililokuwa sijalizoea ni kumwona nyani akimlipa ngedere kwa mahindi ya shamba langu, halafu wote wawili wakapeana mikono na kuita tendo lile usafi.

Wakili akahitimisha. Sijui alisema nini kwa lugha yake, lakini kilipopita kinywani mwa Msellem kilitoka hivi: “Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.” Watu wakapiga makofi, maji kwenye glasi yakapungua, na Hakimu akaichukua kalamu.

Yaliyopita. Yajayo. Yaishe. Yameisha.

Nimeua. Umeua. Ameua. Tumeua. Mmeua. Wameua. Basi, nafsi zimekwisha. Nilikaa pale nikitafuta nafsi nyingine ambayo sikuifundisha, nafsi inayoua bila kuwa mimi wala wewe wala yeye. Labda nilikosea maisha yangu yote. Labda iko nafsi inayokaa katika gari lisilo na mtu, yenye kinywa cha kunywea maji na isiyo na kinywa cha kusema nimefanya. Ikitaka ardhi ni mtu. Ikitaka heshima ni mtu. Ikichafuliwa jina inaumia kama mtu, inadai fidia ya machozi. Pingu zikija, inakuwa meza. Nani amefunga meza jela? Ukiipiga, mkono unaouma ni wako.

Na kama hakuna aliyeua, nani aliuawa? Nilimwosha nani? Yale maji yaliyotiririka uani kwangu yalitoka mwilini mwa nani? Jambo lisilokiriwa lipo? Mti ukianguka kwetu hatuulizi kama umeanguka. Tunauliza umemwangukia nani. Ya. Ya. Ya. Herufi mbili zimevaa viatu, zimebeba mauti yote ya mji wangu, zinatoka mlangoni na hakuna anayeziuliza zinatoka wapi.

Na mimi nimenyamaza. Nimepewa Ijumaa, nimenyamaza.

Nikageuka kumtazama Havijawa, nijipe moyo. Hakujua kama namtazama. Alikuwa ameinama mbele, mikono imeng’ang’ania ukingo wa benchi mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, midomo ameibana, jasho linamtona. Kisha akanyanyua uso, akaniona, na haraka akatabasamu na kujipangusa, kama alivyokuwa akifanya udogoni alipoumia na hakutaka nijue.

Nikaelewa. Mungu nisamehe, nilichelewa kuelewa. Siku ile taa zilipozima alikuwa katika uchungu. Wao waliahirisha kila kitu, pamoja na uchungu ule. Ulikuwa haupandi ukaisha, haushuki ukamwacha. Kila nilipomwona amekaa kwa utulivu, alikuwa akiuficha kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwa nimekubali awe hivyo, Ijumaa hata Ijumaa, ili nipate mkono wa vuguvugu wa kushika na mtu wa kumpelekea maandazi.

“Kabla sijatia sahihi,” Hakimu akasema, na Msellem akanong’ona, “kuna mwenye neno?” Alisema kama desturi tu, na kalamu ilikuwa tayari inagusa karatasi.

Nilimwona Havijawa akinitazama kupitia mlango wazi. Hakupaza sauti. Alisogeza midomo tu, lakini mama husoma midomo ya mwanawe kabla mwana hajajua kusema.

“Mama. Sema.”

Nilisimama. Kiti changu kilipiga kelele kikirudi nyuma. Machozi yalinitangulia, lakini sentensi niliibeba kutoka kwetu na niliijua kwa moyo.

“Kampuni imemuua Havijawa!”

Msellem akaivusha. Wakanong’onezana mbele. Hakimu akatikisa kichwa kwa huruma, akasema jambo, na Msellem akarudi kwangu na sura ya mzee.

“Anasema ime- haiui, mwalimu. Meza ikimwangukia mtu haijaua. Hiyo ni ajali. I- haina nia. Amesema sentensi yako ni sahihi, na kwa hiyo haina mshtakiwa.”

Nilimtazama Havijawa. Alikuwa bado yuko, bado ameng’ang’ania benchi. Sentensi yangu, niliyoisanifu usiku na mchana, nyoofu, isiyo na doa, haikumgusa mtu. Nilikuwa nimeisema kama nilivyofundisha. Ndiyo maana waliikubali.

Wakili alikuwa keshakaa. Kalamu ilikuwa inatembea.

“Kampuni,” nikasema, na sauti ilinitoka tumboni, “Kampuni AMEMUUA Havijawa! AMEmuua! Yeye! Ame-mu-ua mwanangu na mjukuu wangu!”

“Mwalimu!” Msellem aliruka. “Ulinichapa kwa kosa hili!”

“Vusha kosa hilo, Msellem! Livushe lilivyo! Usilisahihishe!”

Akasimama wima. Sijui alilivusha vipi, maana lugha ile haina ngeli zetu. Nilisikia tu akipaza sauti mara tatu, akipiga kifua na kunyoosha kidole kwenye kile kiti kitupu, na kwa mara ya kwanza alisema kikwao bila kuzeeka. Kidole chake kilipokielekea kiti, mto wa hariri ukabonyea. Mtu alikuwa amekaa pale. Hatukumwona, lakini alijikunyata. Glasi ikaanguka. Sitasema ilivunjika. Aliivunja.

Kisha Hakimu akatia sahihi.

Ndiyo, alitia sahihi. Msidhani Nyumba iliporomoka. Makofi yalipigwa, Wakili alikumbatiwa, mtu wa hazina aliamshwa apokee chake, na mhudumu alifagia vigae vya glasi haraka haraka. Gari jeusi liliwashwa nje. Wakanipita kushoto na kulia kama maji yanavyolipita jiwe, wakiulizana watakula wapi. Shauri lilikwisha bila kukiri wala kukana, na baraza likabaki tupu.

Nilikwenda kwenye benchi la mwisho. Havijawa alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Uso ulikuwa umelegea, hauna jasho, umepumzika. Nikamgusa mkono. Ulikuwa baridi kabisa. Nikakaa sakafuni, nikaweka kichwa changu kwenye tumbo lake, nikalia. Nililia kilio ambacho nilikuwa sijakilia tangu adhuhuri ile, kilio kirefu chenye mwanzo na mwisho, na wale wengine wa mabenchi wakageuza shingo zao kunitazama. Sijui walikuwa wananionea huruma au wivu.

Viatu vikasimama mbele yangu. Alikuwa bawabu wa langoni.

“Mama,” akasema, “tunafunga. Maiti hii haiwezi kubaki hapa.”

Nikanyanyua kichwa. Nikajipangusa kwa ncha ya kanga.

“Umesema nini?”

Akajishika mdomo. Katika Nyumba ile nzima, siku ile nzima, hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo. Akatazama nyuma yake, akatazama mlango, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

“Maiti hii,” akarudia, taratibu, kama mtu anayejisikiliza.

“Maiti huyu,” nikamsahihisha. “A-WA.”

Aliinama, akavua kofia yake, akaiweka kwenye benchi.

“Maiti huyu,” akasema.

Nikamwambia ashike miguuni. Mimi nilishika kichwani.